Barua ya wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Homa Bay: Anayefungiwa mlango Takawiri aende wapi?

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,

Nitajitahidi kuishika heshima inayostahili vyeo vyenu hadi mwisho wa barua, ingawa jambo lenyewe limenikasirisha. Mpangaji aliyelimbikiza deni la kodi katika kisiwa cha Takawiri hana ofisi hata moja ya umma anakoweza kuomba msaada wa haraka kabla hajatolewa chumbani. Hakuna hazina iliyotengewa jambo hilo, hakuna fomu ya kujaza, hakuna afisa aliyepewa kazi hiyo. Pengo hilo limenigharimu nyumba yangu mwenyewe. Nalitaja mara moja tu, mjue kwamba siandiki kwa kusikia. Mengine nitakayoyasema anaweza kuyapima mtu yeyote asiyenijua.

Naanza na jambo ambalo nadhani halionekani vizuri kutoka makao makuu ya kaunti: anayefukuzwa chumbani Takawiri anafukuzwa kisiwani. Mpangaji wa Nyalenda au Manyatta kule Kisumu akitolewa kwenye ploti moja, huzunguka jioni hiyo hiyo akatafuta ploti nyingine. Ataumia, atalipa zaidi au atabanana na jamaa, lakini mtoto wake kesho atakwenda shule ile ile na yeye mwenyewe ataamkia kazi ile ile. Takawiri haina mtaa wa pili. Vyumba vya kupangisha ni vichache, wenye navyo wanajuana, na habari za deni humtangulia mdaiwa kila anapobisha hodi. Akishaona kufuli la pili limepigwa juu ya lake kwenye mlango wa mabati, kinachobaki ni boti ya Mbita. Godoro linaviringishwa na kufungwa kamba, sufuria zinaingia kwenye karai, vyandarua vya kuanikia omena (dagaa) vinaachwa kwa jirani, na watoto wanapanda na sare za shule wakati muhula haujaisha. Mtu huyo hakupoteza paa peke yake. Amepoteza ufuo anaofanyia kazi, chama anachochangia, na mteja anayemkopesha akijua atamwona kesho. Na akiwa mgonjwa anayechukua dawa kila mwezi, na katika kaunti yetu iliyoumizwa na Ukimwi kuliko karibu kaunti zote za Kenya mnajua ni dawa zipi ninazozisema, amepoteza pia zahanati iliyo na faili lake.

Swali linalofuata ni kwa nini watu wanadaiwa, na hapa naomba tuache ile hadithi ya mvuvi anayelewa hela zake. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane. Siupingi mpango huo. Ziwa lisilopumzishwa litatuua sote kwa njaa, na wanaoishi kwa omena ndio wanaolijua hilo kuliko wote. Lakini serikali inapofunga uvuvi haifungi kodi ya nyumba. Mwanamke anayenunua omena alfajiri, akaianika na kuiuza kwa gunia, hukosa kipato kwa amri halali ya serikali, na mwisho wa mwezi kodi inamsubiri pale pale. Ikiwa chumba ni shilingi 1,500 kwa mwezi, miezi minne ni shilingi 6,000. Hizo ndizo fedha zinazomtoa mtu kisiwani. Juu ya hayo yako mambo ambayo hayana ratiba: mwaka 2020, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likawafuata watu wa fuo majumbani, na waliohama kwa sababu ya maji walihamia vyumba vya kulipia bila kuwa wamepanga matumizi hayo.

Najua nitaambiwa kwamba sheria tayari inamlinda mpangaji. Kweli inamlinda, tena kwa maneno makali kuliko wengi wanavyofahamu. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, yaani vyumba vya aina hii hasa. Mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji wa nyumba hizo bila amri ya baraza la kodi lililowekwa na sheria hiyo, wala kukamata mali yake kwa sababu ya deni bila ruhusa, na hata deni likithibitishwa baraza lina uwezo wa kupima kama kumtoa ni haki. Lakini baraza hilo halina meza Takawiri. Anayetaka kulalamika atavuka kwa boti hadi Mbita, kisha ashike gari la Homa Bay, au apande feri hadi Luanda Kotieno na kuendelea Kisumu, kwa nauli asiyokuwa nayo, huku vyombo vyake viko nyuma ya kufuli. Hata akishinda, amri ya baraza haimlipii mtu deni. Inamnunulia muda tu, na asiyekuwa na kipato hadi Agosti muda mfupi haumsaidii. Sheria hii imewekwa dhidi ya mwenye nyumba mkorofi. Tatizo la Takawiri mara nyingi ni mpangaji mwaminifu na mwenye nyumba mvumilivu ambao wote wawili wameishiwa.

Wengine watasema watu waweke akiba, wasaidiane kwenye vyama. Wanasaidiana, na kama si vyama vya akina mama visiwa hivi vingekuwa vimehamwa zamani. Ila chama hufanya kazi pale mmoja anapokwama na wengine wamesimama. Mtoto wa mmoja akiugua, wenzake wanachanga. Uvuvi ukifungwa, wanachama wote wanakwama wiki ile ile, kwa sababu wote wanaishi kwa samaki yule yule wa ufuo ule ule. Hapo hakuna wa kumchangia mwenzake. Ndiyo maana msaada wa aina hii lazima utoke nje ya kisiwa, kwa chombo chenye mapato yasiyotegemea omena, na chombo hicho ni serikali. Mkopo wa Hustler Fund, hazina ya mikopo ya serikali ambayo tumeelekezwa kwake tangu ilipozinduliwa Novemba 2022, hauliondoi tatizo. Mkopo wa mtu binafsi unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Mtu ambaye ziwa limefungwa kwake kwa miezi minne atarudisha na nini baada ya siku 14? Atakuwa amehamisha deni kutoka kwa mwenye nyumba hadi kwenye simu.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha na mamlaka, nami naliheshimu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la nyumba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na kinaitaka Dola imsaidie asiyeweza kujikimu na wanaomtegemea. Kifungu cha 20 kinaongeza kwamba Dola ikidai haina uwezo wa kutimiza haki ya namna hiyo, ni juu yake kuthibitisha kwamba haina. Mzigo huo hauko kwa mpangaji. Ama njia ya kutoa fedha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura kwa idhini ya Bunge lake. Wataalamu wenu watasema hazina hiyo ni ya mambo ya haraka yasiyotarajiwa, na kwamba Aprili inatarajiwa kila mwaka. Ni kweli, na mimi naichukua hoja hiyo kama ushahidi dhidi yenu: jambo linalojulikana miezi kumi na miwili kabla lilistahili kuwa na fungu lake kwenye bajeti. Ziwa likipanda ghafla, tumieni Hazina ya Dharura. Kwa msimu wa kufungwa, sheria hiyo hiyo inawaruhusu kuanzisha hazina nyingine ya kaunti kwa idhini ya Bunge. Mwanafunzi aliyekosa karo ana fungu lake la basari. Mtoto huyo huyo akiondoshwa kisiwani kwa sababu ya kodi ya shilingi 6,000, basari yake itamlipia kiti ambacho hakikalii.

Kuhusu wizi na uvivu, maana hayo ndiyo husemwa mwisho kila maskini anapotajwa na fedha: fedha zisipite mkononi mwa mpangaji wala wa mwanasiasa. Ziende kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, zilipe malimbikizo ya miezi isiyozidi minne, mara moja kwa mwaka kwa kila kaya, na mwenye nyumba aandike kwamba hatamtoa mpangaji kwa deni lililolipwa. Kujua nani anaishi kwa samaki si kazi ngumu. BMU, yaani kitengo cha usimamizi cha kila ufuo, ina daftari la wanachama wake, na naibu wa chifu anawajua wapangaji. Majina yabandikwe ufuoni, mahali ambapo watu wote wanapita na kila mmoja anamjua mwenzake. Ni vigumu kupachika mpangaji hewa kwenye kisiwa kidogo kuliko kwenye orodha inayokaa kabatini. Mwenye nyumba naye hapati hasara. Wengi wao si matajiri, ni watu waliojenga vyumba vitatu vinne ili wawe na kitu uzeeni, na wanapopiga kufuli wanajua chumba kinaweza kukaa kitupu hadi omena irudi.

Jambo hili limefanywa kwingineko, tena kwa kishindo. Wakati wa Korona, Marekani ilitenga zaidi ya dola bilioni 46 kuwalipia wapangaji malimbikizo ya kodi kupitia serikali za majimbo na za mitaa. Uingereza imekuwa kwa miaka mingi na fungu linaloziwezesha halmashauri kumsaidia aliyekwama kulipa kodi. Nchi hizo si mfano wa ukarimu. Zilipiga hesabu zikaona kwamba kumweka mtu ndani ni rahisi kuliko kumtafutia mahali akishatoka. Sisi tumechagua kutoza. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwalimu na muuguzi walioajiriwa kisiwani wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wao anaongeza kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba. Ni fedha nyingi, na hakuna hata senti inayomfikia mtu anayeishi kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa na anayekaribia kutolewa humo. Serikali inayojua kukata kila mwezi bila kukosea tarehe isiniambie kwamba kulipa mara moja kwa mwaka ni jambo gumu. Na wanaoitangaza Takawiri kwa wageni kwa ajili ya mchanga wake mweupe wakumbuke kwamba nyuma ya mchanga huo wanaishi watu wanaolipa kodi.

Ninachodai ni hiki. Kamati Kuu ya Kaunti iliweke fungu la malimbikizo ya kodi kwa kaya za fuo na visiwa katika Mkakati wa Fedha unaofika Bungeni kabla ya tarehe 28 Februari, na liwemo katika makadirio ya bajeti yanayowasilishwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Kikao cha maoni ya wananchi kifanyike Takawiri kwenyewe, msituite Mbita kwa nauli yetu. Na kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza Julai, msimu wa kufungwa ukiwa karibu kwisha, mteue sasa afisa mmoja katika ofisi ya kaunti ndogo, mwenye jina na namba ya simu iliyobandikwa kwenye kila ufuo, wa kuzungumza na mwenye nyumba kabla kufuli halijapigwa na kuandika kila kaya inayotolewa. Hilo la mwisho halihitaji bajeti, kwa hiyo nalitarajia kabla ya Aprili.

Naomba jibu la maandishi.

Mkazi wa Kaunti ya Homa Bay