Wito kwa Wakulima wa Mpunga: Ng'oeni Yanayobaki Baada ya Dawa

Ndugu wakulima wa Kilombero, Mbarali, Mwea na kwingineko, msimu huu tunawaomba jambo moja: mkishapulizia dawa ya magugu, rudini jarubani baada ya wiki mbili mwangalie kilichobaki.

Magugu ya kila aina yakibaki kwenye mstari mmoja, hapo bomba halikupita sawasawa. Lakini ukikuta ndago mbichi imesimama katikati ya ndago zilizokauka, tia shaka. Wengi husema dawa ni feki. Huenda ni kweli, lakini hata dawa halisi hushindwa. Kati ya magugu mengi, machache huzaliwa na uwezo wa kuistahimili kemikali fulani. Ukirudia dawa ileile kila msimu, unayaua mengine na kuyaachia hayo shamba. Yakimwaga mbegu, baada ya misimu kadhaa jaruba zima ni kizazi chake.

Wenzetu yamewakuta. Ufilipino, mwaka 1983, gugu moja la mashamba ya mpunga lilithibitika kuistahimili 2,4-D, dawa inayouzwa hata madukani kwetu. California, mwaka 1993, ikawa zamu ya ndago, miaka michache tu tangu dawa ya bensulfuron ianze kutumika huko.

Kuzidisha kipimo si tiba. Utapoteza fedha na kuunguza mpunga. Yaliyobaki yang'oe kwa mkono kabla hayajatoa mbegu, uyatoe nje ya shamba. Dukani usiulize jina la chupa tu, uliza kemikali iliyomo, maana chupa mbili zenye majina tofauti zaweza kuwa na kemikali moja. Mshirikishe bwana shamba ili msimu ujao utumie dawa inayoua kwa njia nyingine.

Tena tusiiachie dawa kazi yote. Tumia mbegu safi. Sawazisha jaruba ili maji yafunike kote, kwa kuwa magugu mengi hayaoti vizuri chini ya maji. Pandikiza kwa mistari, palizi iwe nyepesi.

Na kwa kuwa maji ya mfereji hubeba mbegu kutoka jaruba la juu hadi la chini, juhudi za mtu mmoja hazitoshi. Viongozi wa skimu, liwekeni suala hili kwenye ajenda ya mkutano kabla maji hayajafunguliwa, mkubaliane dawa ya kupumzisha na siku ya kung'oa masalia kwa pamoja.