Kabla hujauachia uso wako sindano

Msomaji mmoja wa ukurasa huu anayeishi Nakuru ameniandikia akiomba ushauri. Anasema harusi yake imebakisha miezi miwili, na kuna jambo moja linalomnyima usingizi. Mashavu yake yamejaa mashimo madogo na madoa meusi yaliyoachwa na chunusi za ujana. Amejaribu mafuta ya kila aina bila mafanikio.

Sasa mwenye saluni mtaani kwao amemwambia kuna dawa mpya, kigurudumu chenye sindano kinachopitishwa usoni hadi ngozi itoe vijitone vya damu. Ameambiwa pia kwamba akienda na shangazi yake, ambaye nywele za mbele zimemhama, wote wawili watahudumiwa kwa bei ya mtu mmoja.

"Je, twende?" anauliza.

Dada, nashukuru kwamba umeuliza mapema. Wengi huniandikia maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa yenyewe. Wataalamu huiita maikronidlingi, yaani kuidunga ngozi kwa sindano ndogo ndogo nyingi. Si uongo na si uchawi, wala si jambo la jana. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Canada, Camirand na Doucet, waliandika jinsi walivyotumia mashine ya kuchora mwili, bila kutia wino wowote, kulainisha makovu ya wagonjwa wao. Miaka hiyo hiyo daktari wa upasuaji wa Cape Town, Desmond Fernandes, alikuwa akishughulikia njia kama hiyo, na ni yeye anayetajwa sana kwa kutengeneza kigurudumu cha sindano chenye mpini, mfano wa rola ya kupakia rangi ukutani. Siku hizi madaktari wengi hutumia kifaa cha umeme kilicho kama kalamu, ambacho sindano zake hubadilishwa kwa kila mgonjwa.

Sindano husaidiaje ngozi? Aliyewahi kuona chale za nyanya yake anajua kwamba ngozi ikijeruhiwa hujijenga upya. Chini ya ngozi hii tunayoiona mna tabaka jingine lenye nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na hizo ndizo zinazoikaza ngozi. Chunusi kubwa ikiiva na kupasuka huharibu nyuzi hizo, na ngozi ya juu huzama. Hilo ndilo shimo unaloliona kwenye kioo. Sindano zinapotoboa, mwili huona umeumia na kuanza kujitibu, na katika kujitibu huko hutengeneza kolajeni mpya ambayo huinua shimo kidogo kidogo.

Nasema kidogo kidogo kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganywa. Kazi hiyo ya mwili haimalizwi kwa siku mbili. Huchukua wiki nyingi, hata miezi. Kwa kawaida daktari humtibu mgonjwa mara tatu hadi sita, na kati ya mara moja na nyingine hupita wiki nne hadi sita. Hata baada ya hapo mashimo hupungua, lakini hayafutiki yote. Atakayekuahidi uso wa mtoto mchanga kwa siku moja anataka pesa zako tu.

Sisi watu weusi tuna mambo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni madoa. Ngozi yetu ikichokozwa hupenda kuacha weusi mahali pale. Njia hii haitumii joto, na kwa sababu hiyo madaktari wengi huiona kuwa salama zaidi kwa ngozi nyeusi kuliko baadhi ya mashine za miali. Hata hivyo, sindano zikipitishwa kwa nguvu mno, au mtu akitoka hapo na kwenda kuchomwa na jua, anaweza kurudi nyumbani na madoa mengi kuliko aliyokwenda nayo.

La pili ni yale makovu yanayovimba na kukua kupita mipaka ya kidonda, ambayo hospitalini huitwa keloidi. Watu wenye asili ya Afrika huyapata zaidi kuliko wengine. Ikiwa ulitoboa masikio ukaota kinundu, au kidonda kidogo tu hukuachia uvimbe mgumu, au kuna ndugu zako walio hivyo, mweleze daktari kabla ya sindano kukugusa. Pengine njia hii haikufai kabisa.

Wengine wanaopaswa kungoja ni wenye chunusi zinazotunga usaha wakati huo, wenye malengelenge ya midomo, wenye ukurutu mahali panapotibiwa, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na wewe unayejipaka mafuta ya kujichubua, usifiche. Ngozi iliyodhoofishwa na mafuta hayo haifai kudungwa, na mafuta yoyote yasiyokusudiwa ngozi iliyotobolewa yakipakwa juu ya vitundu hivyo huingia ndani kuliko yanavyotakiwa.

Sasa tugeukie nywele za shangazi. Mwaka 2013 madaktari wa India walichapisha utafiti wao juu ya wanaume 100 wenye kipara cha kurithi. Nusu walipaka dawa iitwayo minoksidili peke yake, na nusu walipaka dawa hiyo hiyo na kudungwa sindano ndogo ndogo kichwani mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 12, waliodungwa walikuwa wameota nywele nyingi zaidi kwa mbali. Ndiyo maana sifa za sindano hizo zimeenea.

Lakini shangazi si mwanamume mwenye kipara cha kurithi. Nywele zikitoka kwenye paji la uso na kando ya masikio, mara nyingi chanzo ni kuvutwa. Ni misuko inayobana mpaka macho yanainuka, nywele za kuongezea zilizo nzito, na dawa za kulainisha zinazotangulia misuko hiyo. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 uliwakuta karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliochunguzwa wakiwa na tatizo hilo. Likigunduliwa mapema dawa yake haina gharama. Acha kuvuta, na nywele zitarudi. Likiachwa miaka mingi, mashina hufa na mahali pake hubaki kovu laini linalong'aa. Hapo hakuna sindano itakayofufua shina lililokwisha kufa. Mwambie shangazi afumue kwanza, kisha aonwe na daktari wa ngozi.

Nimeacha jambo kubwa zaidi hadi sasa ili ulikumbuke.

Mwaka jana niliketi katika saluni moja jijini Nairobi nikisubiri zamu yangu. Mhudumu alifungua droo, akatoa rola ya sindano, akaipangusa kwa pamba yenye spiriti na kuanza kuielekeza kwenye uso wa mteja aliyekuwa mbele yangu. Nilimwuliza ni ya nani. Akanijibu bila wasiwasi, "Ni ya kila mtu, lakini huwa tunaiosha." Yule mteja aliinuka. Nami nikainuka.

Rola moja ya kawaida ina sindano 192, na kila moja huingia ndani ya ngozi na kutoka na damu. Damu hiyo hukauka katikati ya sindano, mahali ambapo pamba haifiki. Wazazi wetu walihimizwa miaka ile ya 1990 kwamba kila mtu awe na wembe wake, hata wa kunyolea. Sisi tunaacha wembe mmoja na kushiriki sindano 192?

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2018, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Marekani, mwanamke mmoja alipatikana na virusi vya Ukimwi. Hakuwa amejidunga dawa za kulevya wala kuongezewa damu, na mpenzi wake alipimwa akakutwa hana virusi. Alichokuwa amefanya ni kwenda kwenye nyumba moja ya urembo kudungwa usoni na kupakwa sehemu ya damu yake mwenyewe. Wakaguzi walipofika walikuta vichupa vya damu visivyo na majina vikiwa kwenye friji moja na chakula. Nyumba hiyo haikuwa na leseni na ilifungwa. Wateja wengine pia waligunduliwa kuwa na virusi, na mwaka 2024 idara ya serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa ilitoa ripoti ikihusisha maambukizi hayo na huduma ile.

Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi kufa. Huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kwa hiyo mteja aliyekutangulia Jumatatu anaweza kukuachia ugonjwa Ijumaa, na hamjawahi kuonana.

Basi kabla ya kulala kwenye kitanda cha mtu yeyote, uliza maswali haya. Je, wewe ni daktari, na leseni yako ya mwaka huu iko wapi? Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini hutoa leseni hizo, na daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa. Je, sindano zitafunguliwa kutoka kwenye pakiti yake nikiona, na zitatupwa nikiona? Je, umeniuliza kuhusu makovu yangu na dawa ninazotumia? Jibu moja likikosekana, chukua mkoba wako uende.

Ikiwa ulikwisha kudungwa kwa sindano iliyotumiwa na mtu mwingine, usione aibu. Nenda hospitali mara moja. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, lakini ni lazima zianze kabla ya saa 72 kwisha. Zikiwa zimepita, nenda ukapimwe hata hivyo, na homa ya ini pia.

Nazo zile rola zinazouzwa za kutumia nyumbani zina sindano fupi ambazo hazifikii mashimo ya chunusi. Ukiwa nayo, usimwazime hata dada yako wa tumbo moja.

Kwako wewe bibi harusi, jibu langu ni hili. Usiende kwa yule jirani, hata akikupa bure. Na kwa kuwa imebaki miezi miwili, usianze sindano kwa daktari pia, maana hutakuwa umemaliza, na ukipata madoa hayataondoka kwa wakati. Mwone daktari wa ngozi akutibu chunusi zilizobaki, jikinge na jua, acha kuminya uso, na siku yenyewe mpambaji atafunika yanayofunikika. Matibabu yataanza mwakani bila haraka.

Tena kumbuka kwamba huyo kijana alikuchumbia akiyaona mashavu hayo hayo.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.