Nyeupe ya Kung'aa si Dawa ya Chumba Kidogo

Ingia duka la rangi Kariakoo, useme unataka kupaka kabati la ukutani la chumbani. Hujamaliza kusema, muuzaji ameshakushushia kopo: nyeupe, ya mafuta, ya kung'aa. "Chumba kitaonekana kikubwa, bosi." Seremala atakuambia hivyo hivyo, na shemeji yako pia. Mimi niliwasikiliza wote, nikalala miaka minne mbele ya friji.

Nyeupe hurudisha mwanga, sikatai. Ila kinachokibana chumba ni kabati kupishana rangi na ukuta. Chumba cha mita tatu kwa tatu, ukuta krimu, kabati jeupe pe toka sakafuni hadi darini: jicho linagota pale pale. Lipake rangi ile ile ya ukuta, nalo linayeyuka, hata ukuta ukiwa kijani cha mwarobaini.

Balaa lenyewe ni mng'ao. Rangi ya kung'aa haisitiri kitu: kichwa cha msumari kilichozibwa, mkwaruzo wa msasa, ukingo wa MDF ulionyonya rangi, vyote taa ya usiku itavianika. Ili itoke vizuri, kingo zizibwe, undakoti ipigwe, msasa laini upite kila baada ya mkono mmoja, na ipuliziwe pasipo vumbi. Fundi wangu alipaka kwa brashi barazani, bodaboda zikipita.

Na weupe wenyewe haudumu. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, tena gizani hugeuka upesi kuliko penye mwanga. Giza la nyumbani liko wapi kama si ndani ya kabati? Fungua langu uone: nje nyeupe, rafu za ndani rangi ya samli.

Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na vyumba vyembamba kuliko vyetu, maana upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Humo ukutani zilijengwa zidaka, vishubaka vya plasta ya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu. Vyeupe, naam, lakini weupe ule ule wa ukuta mzima. Kina cha chumba kilitoka kwenye vivuli vilivyolala ndani ya zidaka hizo.

Jikoni sibishani: mafuta yanaruka, unafuta. Chumbani nani anakaanga?

Safari hii nilipaka kwanza kipande cha ubao, nikakisimamisha wima mahali pa kabati, nikakitazama asubuhi, jioni na usiku chini ya taa. Kisha nikanunua rangi ya maji, ya mng'ao hafifu, inayofanana na ukuta. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Fundi anaanza Jumamosi. Siku mbili za kwanza ni msasa tu, kuutoa ule mng'ao, kwa sababu rangi mpya haishiki juu yake. Na siku hizo mbili nazilipia mimi.