Kigari cha mtoto au chandarua?

Wamama wapenzi, mwezi haupiti bila mmoja wenu kuniuliza kama anunue kile kigari cha magurudumu ambamo mtoto anakaa na kukisukuma kwa miguu. Jibu langu ni hapana, hata ukikipata kwa bei ndogo. Hakimfundishi kutembea: anasukuma kwa ncha za vidole tu, hajifunzi kusimama. Tena kinamfikisha mbio mahali asipopaswa. Kanada walikataza kuviuza tangu 2004, kwa sababu watoto walianguka kwenye ngazi. Hapa Kinsevere nyumba nyingi hazina ngazi, lakini mbabula tunayo, na nyungu ya bukari juu yake.

Franga hizo nunua kwanza chandarua chenye dawa, ukichomeke chini ya godoro kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Halafu kikwembe kigumu cha mgongoni: miguu ya mtoto ikuzunguke kiunoni, pua ibaki wazi. Anayetaka kusimama, ashikilie kiti kizito cha mbao. Cha plastiki kinapinduka.

Kama ulipewa kigari zawadi, usimpe jirani. Ng'oa magurudumu, wakubwa zake watayatengenezea gari la waya.