Goti Linalouma Linataka Kazi

Mwenye maumivu ya goti au kisigino hakosi mshauri. Jirani, shemeji, muuza duka la dawa, kila mmoja ana lake. Mengi husemwa kwa nia njema, lakini yapo yanayomfunga mgonjwa kitini miaka na miaka bila sababu. Tuyapime manne.

"Mafuta ya goti yamekwisha. Kula bamia na supu ya makongoro."

Ute wa goti hutengenezwa na utando unaozunguka kiungo chenyewe. Utelezi wa bamia husagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Hauna njia ya kufika gotini. Tena goti lililovimba mara nyingi limejaa ute kupita kawaida. Bamia ni mboga nzuri, endelea kuila. Ila ujue kwamba gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute pale linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea, unapokunja na kunyoosha mguu. Mwendo ndio unaolisha goti.

"Likiuma, lipumzishe."

Goti lililoteguka jana lipumzishwe siku chache. Maumivu ya miezi ni jambo jingine. Ukikaa tu, misuli ya mbele ya paja husinyaa, na hiyo ndiyo inayokubeba unaposhuka ngazi. Ikidhoofika, kiungo hubaki na mzigo wake peke yake. Ndiyo maana NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, inataka kila mwenye maradhi ya kulika kwa viungo apewe mazoezi yanayomfaa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili kwamba unaharibu goti, mradi yawe yametulia kufikia kesho yake. Yakizidi, punguza kiwango, usiache.

"Eksirei imeonyesha mfupa umeota kisiginoni. Lazima ukatwe."

Wapo watu wengi wenye kinundu hicho ambao hawajawahi kusikia maumivu. Kinachouma mara nyingi ni ukanda mgumu unaoshikilia upinde wa unyayo, ule unaochoma ukikanyaga sakafu asubuhi. Mwaka 2015 mtafiti Michael Rathleff na wenzake wa Denmark walichapisha matokeo ya zoezi jepesi kulieleza: kuinua kisigino polepole kwa mguu mmoja, vidole vikiegemea taulo lililoviringishwa, kila baada ya siku moja. Baada ya miezi 3, waliolifanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale wa mazoezi ya kunyoosha unyayo.

"Kaa wima tu, maumivu yataisha."

Hakuna mkao mmoja unaoponya. Muuza mboga anayekunja magoti kwenye kigoda kutwa nzima huumia. Mlinzi anayesimama wima usiku kucha naye huumia. Badilisha mkao mara kwa mara, kisha jenga nguvu. Anza hivi: keti kwenye kiti imara, nyayo sakafuni, magoti yakielekea vilipo vidole, yasiingie ndani. Inuka polepole, keti polepole, mara 10. Pumzika, rudia mpaka raundi 3. Fanya hivyo siku 3 kwa wiki. Ikiwa ni vigumu, ongeza mto kitini au shika meza. Usihukumu baada ya siku chache, kwa kuwa misuli huhitaji wiki kadhaa kupata nguvu.

Yapo yasiyosubiri mazoezi: goti jekundu lenye joto pamoja na homa, mguu usiokanyagika baada ya kuanguka, shavu la mguu lililovimba ghafla, au kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari. Hayo yapeleke hospitali leo hii. Kama huna dalili hizo, usingoje goti lipone ndipo uanze kulitumia. Anza na kiti ulichokikalia.