Kodi Isijadiliwe Gizani

Mwalimu wa shule ya msingi hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia mkononi. Mama anunuaye chupa ya mafuta taa hulipa ushuru papo hapo dukani. Hao hawana kisiwa cha kufichia chochote. Tajiri anacho: husajili kampuni ng'ambo kwa jina lisilo lake, na serikali yetu haitajua neno mpaka serikali ya huko iiambie.

Ndiyo sababu twaunga mkono mataifa kupashana habari za kodi. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kusaidiana katika mambo ya kodi mwaka 2016, nao ukaanza kutumika kwetu mwaka 2020. Hatua hiyo ni njema. Lakini twauliza: ni nani huandika kanuni hizi, na ni nani huzisoma kabla hazijatufunga?

Mwaka 2012 serikali ilitia sahihi mkataba wa kodi na Mauritius, ambao ungaliipunguzia Kenya haki ya kutoza kodi baadhi ya mapato yapitiayo kisiwani humo. Watetezi wa haki katika kodi walikwenda mahakamani, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikaubatilisha, kwa kuwa haukuwasilishwa Bungeni kama sheria itakavyo. Hatukupigania vyama vingi ili kodi ya taifa ipitishwe kwa njia za panya.

Baina ya mataifa nako hali ni hiyo hiyo. Kwa miaka mingi kanuni zimetungwa Paris, katika OECD, chama cha nchi tajiri ambacho Kenya si mwanachama. Mwaka 2023 nchi za Afrika ziliomba Umoja wa Mataifa uandae mkataba utakaojadiliwa na wote. Katika kura ya Novemba, nchi 125 zilikubali. 48, zikiwemo Uingereza na Marekani, zikakataa. Mwaka 2025 Marekani ilijitoa katika mazungumzo.

Lakini tusiwalaumu wageni pekee. Habari zikifika kutoka ng'ambo, kisha zikafungiwa kabatini kwa kuwa zamtaja mkubwa, zatufaa nini?

Makanisa na vikundi vyetu vimdai kila mbunge mambo mawili: kila mkataba wa kodi ujadiliwe Bungeni hadharani kabla haujatufunga, na kila mwaka Bunge lielezwe ni kodi kiasi gani imepatikana kutokana na habari hizo. Zakayo alishuka mtini mbele ya umati, akataja mwenyewe atakachorudisha. Wakubwa wetu nao na washuke.