Kisangani: Asiye na karatasi naye hulipa kodi

Mjini Kisangani si vigumu kusikia lawama kwamba mgeni asiye na karatasi anafaidi mji bila kulipa chochote. Lawama hiyo haihimili hata hesabu ya betri mbili za tochi.

Tangu Januari 2012, Kongo hutoza kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ya asilimia 16. Mwagizaji hulipa kwenye forodha ya DGDA, kisha huiingiza katika bei. Duka dogo la Mangobo ambalo halijasajiliwa DGI haliwezi kudai kurudishiwa hata faranga moja. Mzigo unamshukia mnunuzi wa mwisho, na hakuna muuza duka anayemwomba mteja visa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa RAM, tozo ya simu iliyoanza Septemba 2020 na kufutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko mengi. Ilikatwa moja kwa moja kwenye yuniti, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya kisasa. Raia, mkimbizi, mfanyabiashara aliyepitiliza muda wa kukaa: wote walikatwa.

Sokoni hali ni ileile. Anayekusanya ushuru wa siku hutazama meza na bidhaa. Pasipoti haimhusu.

Hapa raia wenyewe wasijione mbali sana na huyo mgeni. Wakongomani wengi hawajashika kitambulisho cha taifa tangu enzi za Mobutu. Kadi ya kwanza ya mpango mpya alikabidhiwa Rais Félix Tshisekedi tarehe 30 Juni 2023, lakini mtaani inayotumika bado ni kadi ya mpiga kura. Kijana wa Kabondo aliyetimiza miaka 18 baada ya uchaguzi wa Desemba 2023 hana hata hiyo. Naye ananunua betri.

Kwa hiyo wasio na karatasi wanalipa. Wanachokosa ni ushahidi wa malipo. Tiketi ya soko isiyo na jina haimsaidii mtu akisimamishwa barabarani, wala haimzuii afisa mwingine kurudi mchana kudai tena. Asiye na karatasi ndiye rahisi kutozwa mara mbili, kwa sababu anaogopa kulalamika. Na fedha ya mara ya pili, aghalabu, haifiki kwenye hazina.

Marekani ilipata njia mwaka 1996: namba ya mlipa kodi, ITIN, inayotolewa bila kujali hali ya uhamiaji. Taasisi ya utafiti ya ITEP ilikadiria kuwa wahamiaji wasio na vibali walilipa dola bilioni 96.7 mwaka 2022. Lakini Aprili 2025 idara ya kodi na idara ya uhamiaji za nchi hiyo zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa. Mtu aliyejaza fomu kwa uaminifu akajikuta ameandika anwani ya kumkamatia.

Tshopo inaweza kuanza na kidogo: risiti ya soko yenye jina, tarehe na kiasi, apewe kila anayelipa, na daftari lake libaki kwa watoza kodi bila kupelekwa DGM. Maafisa wa uhamiaji wana kazi yao na sheria yao. Wakipewa daftari la soko, mwezi unaofuata meza nyingi zitahamia vichochoroni, na mkusanyaji atakuta pale mahali patupu.